Dative Uwizeye Hakuwa Msaidizi Wangu

Wasifu wa marehemu Mwalimu Dative Uwizeye (1974–2026), umesomwa na kaka yake, Profesa Janvier Ntirenganya. Keshero, Goma, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026.

Baba Padri, mama yetu mzazi, ndugu wa pande zote mbili, walimu, wanashirika wa jumuiya ya Kikristo ya Keshero, na wenzangu wa kitivo ambao nawaona mmekaa mstari wa pili: asanteni kwa kufika.

Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja. Nimechukua zaidi, na Julien, mume wa marehemu, ndiye aliyeniruhusu. Mwezi uliopita dada yangu, akiwa kitandani, aliniomba jambo moja. Aliniita Yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao huku kwetu. Alisema: "Yaya, siku yenye mutanizika, usiseme nilikuwa msaidizi wako. Sema kazi yangu vile ilikuwa." Nilimwahidi. Tangu Jumatatu nimekuwa nikijaribu kuandika wasifu huu bila kutimiza ahadi hiyo, kwa sababu nikiitimiza, jina nililolijenga kwa miaka ishirini litabomoka mbele ya watu ninaofanya nao kazi. Rasimu tatu za kwanza zilisema "msaidizi". Karatasi mliyoshika ni ya nne.

Marehemu alizaliwa Kibumba, Jumatano tarehe 17 Aprili 1974, mtoto wa pili na wa mwisho wa Papa Paul Niyitegeka, mkulima wa viazi na katekista, na Mama Léonie. Mimi nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu. Kati yetu wawili mama alikuwa amepoteza mimba mbili, kwa hiyo Dative alipokelewa kwa shangwe kubwa. Kila jirani aliyekuja kumtazama alileta kitu, na mimi niliambiwa nikacheze nje. Mama husimulia kwamba siku ya tatu nilimuuliza huyo mtoto atarudi kwao lini. Watu wakisikia hadithi hiyo hucheka. Mimi naikumbuka vizuri, na sikuwa natania.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kibumba kuanzia 1980 hadi 1986, kisha akashuka Goma kwa sekondari, upande wa ualimu, akikaa kwa shangazi yetu Murara. Mwaka 1993 alipata diploma ya serikali kwa asilimia 71. Mimi niliipata mwaka 1987 kwa asilimia 54. Najua alama za mtihani si kitu cha kusoma mazishini, lakini nyumbani kwetu zilitajwa mara nyingi kuliko siku zetu za kuzaliwa. Kwa 54 yangu Papa alichinja kuku. Kwa 71 yake alichinja mbuzi, akaalika majirani, na katikati ya chakula akasema kwa sauti: "Huyu mutoto anasikiaka kitu palepale. Mukubwa wake anasikia kisha ya kuandika." Nadhani alikuwa anatusifu wote wawili. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi, mwaka wangu wa mwisho wa chuo kikuu, na niliondoka mezani bila kumaliza nyama.

Mwaka uliofuata Kibumba ilijaa kambi za wakimbizi, mashamba ya Papa yakakanyagwa, na pesa ya kumpeleka Dative chuo kikuu haikupatikana. Mimi mwaka 1998 nilipata nafasi ya masomo ya shahada ya udaktari Ubelgiji. Yaani 54 ilipanda ndege, na 71 ikabaki Goma kufundisha darasa la tatu. Marehemu hakuwahi kulalamika juu ya hilo mbele yangu. Alinisindikiza hadi uwanjani, akanipa soksi mbili alizozifuma mwenyewe, akasema huko ni baridi.

Kwa kawaida sasa ingefuata kazi. Naomba nitangulize ndoa, kwa sababu ni rahisi kwangu. Marehemu alifunga ndoa na Julien Kataliko, seremala kutoka Butembo, Jumamosi tarehe 21 Julai 2001. Wajomba zetu walitaka ng'ombe, maana sisi mahari yetu ni ng'ombe. Wazee wa Julien, ambao ni Wanande, walileta mbuzi, maana yao ni mbuzi. Mbuzi kumi na wawili walilala katika ua wetu wa Murara kwa siku mbili huku watu wazima wakibishana, na asubuhi ya tatu walikuwa wamekula maua yote ya shangazi. Dative alitoka nje, akawatazama wajomba, akasema: "Basi mungoje ng'ombe. Mimi naenda na huyu." Nilikuwa nimerudi kwa likizo ya utafiti na niliona kila kitu. Julien alikuwa anamtazama tu, na nilijua kwamba hakuna mtu atakayewahi kunitazama mimi hivyo. Walijaliwa watoto wawili, Bénita mwaka 2002 na Ézéchiel mwaka 2006.

Sasa kazi.

Karatasi za serikali zinasema marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2025, miaka thelathini, na hilo ni kweli. Wanafunzi wake wako hapa, baadhi yao wana mvi. Lakini alikuwa na kazi nyingine, jioni na Jumamosi, na hiyo ndiyo aliyoniagiza niiseme.

Mimi ni mwanaanthropolojia. Nachunguza kubandwa, ibada ya zamani ya wazee wetu ambamo mtu hushikwa na roho, fahamu zake zikabadilika, akasema kwa sauti isiyo yake. Kuna wanaoiita ushetani na kuna wanaoiita maigizo. Mimi nilitaka kujua kinachotokea ndani ya mtu mwenyewe katika dakika ile anapochukuliwa. Kuanzia mwaka 1999, kila nilipokuwa Goma, nilipanda Kibumba kwa Mama Athanasie, bibi aliyekuwa akiongoza ibada hiyo. Nilirekodi kanda. Nikazileta kwa Dative azisikilize na kuziandika, kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa.

Niliomba maneno tu. Yeye aliandika zaidi. Alinunua kalamu tatu za bic: ya buluu kwa maneno, nyekundu kwa pumzi, kijani kwa vitendo vilivyosikika, kama miguu au kayamba. Aliandika mahali sauti ilipokatika na ilikatika kwa sekunde ngapi. Kwa kusikiliza tu, akiwa jikoni kwake, aliweza kuniambia kwamba mwanamke fulani katika kanda ya kumi na saba alikuwa ameanza kuondoka dakika nne kabla hajaanguka. Nilirudi kuuliza, na mwanamke huyo akakubali. Njia hiyo leo inafundishwa katika vyuo kadhaa, na inaitwa kwa jina langu. Wenzangu wa kitivo, ninyi mnaifundisha. Ilibuniwa na mwalimu wa darasa la tatu, na niliposhangiliwa kwa ajili yake huko Ubelgiji nilisimama na kushukuru.

Tarehe 17 Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka mjini, nilikuwa Ulaya. Nyumba ya Murara, alimokuwa bado akiishi na Julien, ilikuwa njiani mwake. Dative alikuwa na mimba ya Bénita. Alibeba katoni ya kanda kichwani, kanda mia moja na sita, akatembea nayo katikati ya umati hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na gauni lake la harusi likateketea. Julien alimuuliza mbona ameacha nguo zake zote. Alimjibu: "Nguo zitashonwa. Hawa batu wamekwisha kusema, hawatasema tena vile." Katika dibaji ya kitabu changu nimeandika kwamba kanda hizo "ziliokolewa". Sikuandika na nani.

Nilihudhuria ibada ya Mama Athanasie mara thelathini na moja. Nilitaka kuchukuliwa. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtafiti hapaswi kutaka, lakini nilitaka kuliko nilivyotaka udaktari wenyewe. Nilifunga siku tatu. Nilikunywa dawa za miti zilizonitapisha. Nilitikisa kichwa hadi shingo ikaniuma wiki nzima. Mama Athanasie alinitazama akacheka hadi akashika ukuta. "Prof," aliniambia, "weye unakuyaka hapa na saa ku mukono na bic mu mufuko. Vitabu utaandika mingi. Hii kitu hautaipata."

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2003, saa nne asubuhi, Dative alipanda pamoja nami kwa mara ya kwanza. Alisema amechoka kusikia watu asiowajua sura. Alikaa nyuma, karibu na wanawake waliokuwa wakimenya viazi, akachukua kisu akawasaidia. Kayamba zilianza. Zilipofika pale zinapobadilika, upande wa kwanza wa kanda yangu uliisha. Niliinama kuigeuza. Kifuniko cha redio ya kurekodia kilikwama, nikakipiga kwa kidole, nikaingiza kanda, nikabonyeza. Ilichukua kama nusu dakika. Nilipoinua kichwa, dada yangu alikuwa amesimama katikati ya ua, amekwisha kuchukuliwa.

Sikuona. Kanda haina. Nilikuwa nimengoja dakika ile kwa miaka minne, ikatokea hatua tano kutoka kwangu, kwa mtu wa damu yangu, na mimi nilikuwa nimeinamia redio.

Mama Athanasie alimshika mkono, akamwita kwa jina la roho iliyomjia, na watu wote wakapiga magoti kumsalimu. Alikwenda kwa kila mmoja. Alimwambia kila mmoja jambo, na wengine walilia. Aliponifikia mimi alisimama, akanikagua kutoka viatu hadi kichwa, akageuka akamuuliza bibi kwa Kinyarwanda: huyu mgeni ni nani? Ua mzima ulicheka. Nilicheka nao. Ndugu zangu, niliona wivu siku ile hadi nikahisi ladha yake mdomoni, na sijui kama umewahi kuisha.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda kwake, hapa Keshero, na daftari. Alikuwa anachambua maharage, Bénita amelala mgongoni mwake. Nilimuuliza maswali kwa saa tatu. Hakunificha kitu, na alijibu kila swali kana kwamba ninamuuliza bei ya sabuni. Nilimuuliza ile dakika yenyewe ilikuwaje. Aliacha maharage kidogo, akasema: "Ilikuwa sawa vile mutu anakuondolea muzigo ku mugongo, na weye hauone ni nani." Nilisoma vitabu zaidi ya mia tatu kuhusu hali hiyo. Yeye hakusoma hata kimoja, na aliisema kwa pumzi moja.

Kitabu changu kilitoka mwaka 2006. Sura ya tano ndiyo iliyonipa uprofesa. Inasimulia jinsi mtafiti mwenyewe, yaani mimi, alivyochukuliwa na roho Kibumba asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2003. Ina viazi, ina kisu, ina mikono iliyokufa ganzi. Ina mzigo ulioondolewa mgongoni. Wataalamu wa nchi tisa wameinukuu sentensi hiyo, na wote wameandika chini yake: Ntirenganya.

Mimi sikuchukuliwa. Sijawahi kuchukuliwa na kitu chochote. Aliyechukuliwa ni Dative, maneno ni ya Dative, na nilichofanya mimi ni kuyaandika kama yangu.

Nakala ya kwanza ilipofika Goma nilimpelekea. Humo hakushukuriwa kwa lolote zaidi ya mstari mmoja mwishoni: "msaidizi wangu, D. Uwizeye." Alisoma sura ya tano akiwa amesimama mlangoni. Nilimngoja. Alikifunga kitabu akasema: "Yaya, ile saa ulikuwa unageuza kanda." Kisha akaniuliza kama nimekula, akanipakulia sombe ya majani ya muhogo na ugali. Hakulitaja tena kwa miaka karibu ishirini. Aliendelea kuandika kanda zangu, hadi zikafika mia mbili na kumi na nne, kwa bic zilezile tatu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Agosti 2025. Miguu ilivimba, na vipimo vikaonyesha figo. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa tangu Januari ya mwaka huo, kwa hiyo Kinshasa haikuwezekana. Tulivuka Gisenyi kwa miguu, tukaenda naye Kigali, akatibiwa wiki sita. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa Desemba, akasema anataka kulala kwenye kitanda kilichotengenezwa na mume wake. Mama Kahambu, jirani, alikuja kila siku kumwogesha, na familia inamshukuru kwa moyo wote.

Jumapili tarehe 22 Februari, baada ya misa, aliwaomba wote watoke nibaki mimi. Ndipo aliponiambia juu ya neno msaidizi. Nilijitetea. Nina umri wa miaka hamsini na minane na nilijitetea mbele ya mgonjwa. Nilimwambia kwamba nilifanya vile kumkinga: yeye ni mke wa mtu, mama wa shirika, anaimba kwaya, na watu wakijua alishikwa na roho Kibumba wangemsema vibaya, wangemnyima komunyo. Nilikuwa nimejiambia hivyo muda mrefu hadi nikakaribia kuamini.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Padri alijua," alisema. "Nilimwambia mimi mwenyewe, ileile wiki. Julien alijua, nilimwambia ile jioni, mbele ya kula. Ulinikinga kwa nani?"

Baadaye nilimtafuta Julien kiwandani kwake, alikuwa anapiga randa. Nilimuuliza kama ni kweli. Alisema ndiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameniita Prof, amenipa kiti kizuri, amenunua kitabu changu na kukiweka sebuleni, na muda wote huo alijua. Nilimuuliza kwa nini hakuniumbua. "Yeye alikataza," alisema. "Alisema utasema weye mwenyewe. Mimi nilimwambia hautasema." Na hata hapo, nisikilizeni, hata hapo nilimwonea wivu: kwamba dada yangu alimpelekea yeye habari ile jioni ileile, ikiwa bado moto, na mimi nikaipata wiki moja baadaye pamoja na maharage.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 9 Machi 2026, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Tulikuwa wanne chumbani: mama, Julien, Bénita na mimi. Kwa siku mbili fahamu zake zilikuwa zinakuja na kwenda, na safari hii sikuchukua daftari wala kurekodi. Nilikaa karibu na kichwa chake. Nilimkazia macho, sikupepesa, sikuinama. Alifungua macho akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia alisema "Yaya," na hilo ndilo neno lake la mwisho. Kisha akaondoka, na mimi nikiwa namtazama hivyo sikuona kitu chochote kikitokea.

Kwa hiyo, mbele ya Padri, mbele ya mama yetu, na mbele ya kitivo: Mwalimu Dative Uwizeye alikuwa mtafiti. Alikuwa bora kuliko mimi. Alibuni njia, aliokoa kanda, alipita mahali ambapo sisi wenye shahada tunazunguka nje tukichungulia, na akarudi akaweza kusema alichokiona. Barua kwa mchapishaji wa kitabu ilikwenda jana. Barua kwa mkuu wa kitivo ninayo mfukoni, nitampa tukitoka hapa. Mkiniondoa kazini sitakata rufaa. Nilimwonea wivu tangu siku ya tatu ya maisha yake, na nilichokifanya kilitokana na hilo, hakikutokana na kitu kingine.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Léonie. Mume, Julien Kataliko. Watoto wawili, Bénita na Ézéchiel. Wanafunzi wa miaka thelathini. Kanda mia mbili na kumi na nne alizoziandika kwa mkono wake. Kitabu kimoja, ambacho jina la marehemu litawekwa juu yake. Na kaka mmoja.

Apumzike kwa amani huko alikofika, mara hii tena kabla yangu.